Habari za Luxembourg, Nchi Ndogo Yenye Mali Nyingi

Mahali Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji zinapokutana pana nchi moja ndogo iitwayo Luxembourg. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,586. Yaani ungalichukua visiwa vya Unguja na Pemba ukaviunganisha pamoja, ungalipata nchi isiyopishana nayo sana kwa ukubwa. Haina bahari, haina dhahabu wala mafuta. Mwaka 2024 watu wake walikuwa wapatao 672,000, na karibu nusu yao ni raia wa nchi nyingine. Walakini huhesabiwa miongoni mwa nchi tajiri kupita zote duniani, na kampuni za mataifa makubwa huenda kuandikisha majina yao huko. Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za utajiri wa Uswisi. Za Luxembourg hazijulikani sana, nasi twaona yafaa zisimuliwe, kwa sababu mali yake haikutoka mahali ambapo watu hudhani.

Yafaa tufahamu kwanza ya kuwa nchi hiyo ilikuwa maskini. Mji wake mkuu ulijengwa juu ya majabali, nao ulikuwa ngome kubwa ambayo wafalme wa Ulaya waliigombania kwa karne nyingi: Waspania, Wafaransa, Waaustria, kila mmoja aliishika akaongeza kuta zake. Ngome ilikuwa na sifa, bali wakulima waliokaa nje ya kuta hawakufaidi kitu. Mwaka 1839 mataifa makubwa yaliigawanya nchi, na sehemu ya magharibi iliyokuwa kubwa kuliko iliyobaki ikapewa Ubelgiji. Kile kipande kilichosalia kikawa chini ya mfalme wa Uholanzi, aliyekitawala kwa cheo cha Mtemi Mkuu. Udongo wa kaskazini ulikuwa hafifu, viazi vilioza, na katika karne ile makumi ya maelfu ya watu waliuza mashamba yao wakapanda meli kwenda Marekani, hasa pande za Chicago, Wisconsin na Iowa.

Mwaka 1867 Napoleon III wa Ufaransa alitaka kuinunua nchi yote kwa fedha, na mfalme wa Uholanzi alikuwa tayari kumwuzia. Wajerumani wakakasirika, maana askari wa Prussia ndio waliokuwa wakikaa katika ile ngome, na vita ilikuwa karibu kuzuka. Mataifa yakakutana London, yakakata shauri hivi: nchi isiuzwe, isiwe upande wa mtu yeyote, askari watoke, na ngome ibomolewe. Kuibomoa kulichukua miaka 16. Watu wa mji waliopata riziki kwa kuwauzia askari mkate na bia wakaona wameharibikiwa. Nao hawakujua kwamba kusini mwa nchi yao, chini ya mashamba ya watu maskini, palikuwa na kitu ambacho dunia ilikuwa karibu kukihitaji.

Kitu hicho kilikuwa udongo wa chuma wenye rangi nyekundu. Wenyeji waliujua tangu zamani, lakini thamani yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa ulikuwa umechanganyika na fosforasi, na chuma chenye fosforasi huvunjika kama chungu. Reli haiwezi kutengenezwa kwa chuma cha namna hiyo. Wenye elimu wa Ulaya walijaribu miaka mingi kuitoa fosforasi wasiweze. Aliyeweza hakuwa mwenye kiwanda wala mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa karani wa baraza la polisi mjini London, jina lake Sidney Gilchrist Thomas, aliyesoma elimu ya kemia usiku baada ya kazi. Yeye na binamu yake Percy Gilchrist waligundua ya kwamba tanuru ikijengwa ndani kwa mawe ya jamii ya chokaa, na chokaa ikatiwa pamoja na chuma, fosforasi huikimbilia chokaa na kukiacha chuma kikiwa safi. Mwaka 1879 wenye viwanda wa Luxembourg walikwenda upesi kununua haki ya kuitumia njia hiyo, na mwaka 1886 feleji ya kwanza ya namna hiyo ikatoka katika tanuru za Dudelange. Thomas mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, umri wake miaka 34.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji walio wakulima watalipenda. Mavi ya chuma yaliyotoka katika tanuru zile yalijaa fosforasi, nayo yakisagwa huwa mbolea njema sana. Basi serikali ya Luxembourg, ilipokuwa ikitoa ruhusa ya kuchimba migodi, iliweka masharti kwa wenye viwanda: udongo wa chuma uyeyushwe papo hapo nchini, usipelekwe wote nje ukiwa ghafi, tena wakulima wapate ile mbolea kwa bei nafuu. Hivyo mashamba hafifu ya kaskazini yakaanza kuzaa kwa sababu ya migodi ya kusini. Twaliona jambo hili kuwa la akili kupita yote waliyoyafanya baadaye. Nchi nyingi zilizo na madini mengi kuliko Luxembourg hazikukumbuka kuweka sharti kama hilo, nazo zikaachiwa mashimo.

Fedha za kujengea viwanda zilitoka zaidi Ujerumani, na vibarua walitoka Ujerumani na Italia, maana wenyeji walikuwa wachache. Tangu mwaka 1842 nchi ilikuwa ndani ya ushirika wa forodha wa Wajerumani, hivyo chuma chake kiliuzwa huko bila ushuru. Mwaka 1911 viwanda kadha viliunganishwa kuwa kampuni moja iliyoitwa ARBED, ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za chuma katika Ulaya. Watu wa nchi hiyo wenye elimu ya ufundi walitafuta kazi mbali pia, hata Afrika: Nicolas Cito, mzaliwa wa Luxembourg, alikuwa mmoja wa wahandisi wa ile reli ya Kongo kutoka Matadi mpaka Léopoldville, iliyojengwa baina ya mwaka 1890 na 1898, ambayo ilikula maisha ya Waafrika wengi.

Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, ushirika na Wajerumani ukavunjwa. Nchi ndogo isiyo na bandari haiwezi kuishi peke yake. Yampasa mwenye duka dogo kuwa na jirani wa kununua. Mwaka 1919 watu waliulizwa kwa kura wataka kushirikiana na nani katika mambo ya forodha, nao kwa wingi sana wakasema Ufaransa. Ufaransa ikakataa, ikawaambia waende Ubelgiji. Wakaenda, na mwaka 1921 mkataba ukatiwa sahihi. Tangu siku zile watu wa Luxembourg walijifunza ya kuwa mashauri makubwa yatakatwa na wengine, na kwamba walichobakiwa nacho kilicho chao kabisa ni kimoja: haki ya kuandika sheria ndani ya mipaka yao.

Haki hiyo ndiyo waliyoigeuza kuwa bidhaa.

Tarehe 31 Julai 1929 ilitolewa sheria juu ya kampuni za namna ya pekee, zisizotengeneza kitu wala kuuza kitu, ambazo kazi yake ni kushika hisa za kampuni nyingine tu. Kampuni kama hiyo ikiandikishwa Luxembourg haikutozwa kodi ya mapato. Ililipa ada ndogo kila mwaka kwa kadiri ya mtaji wake. Ada ni ndogo, lakini kampuni zikiwa nyingi na nchi ikiwa ndogo, hazina hujaa. Serikali haikujenga kiwanda wala haikuchimba kisima. Ilitumia karatasi na muhuri. Ubelgiji na Ufaransa, ambazo fedha hizo zilikuwa zikitozwa kodi kwao, hazikuulizwa. Sheria hiyo ilidumu miaka mingi mpaka wakuu wa Ulaya walipoamua mwaka 2006 kuwa si ya haki, na kampuni zilizokuwapo zikapewa muda hadi mwisho wa mwaka 2010.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa habari ya redio. Katika Uingereza kampuni hazikuruhusiwa kutangaza bidhaa zao kwa redio. Luxembourg ikatoa ruhusa kwa kampuni ya redio, ambayo wenye mali yake wengi walikuwa Wafaransa, ikasimamisha mlingoti wenye nguvu mahali paitwapo Junglinster, na kuanzia mwaka 1933 nyimbo na matangazo ya sabuni yakasikika mpaka London. Wakubwa wa Uingereza walilalamika sana, wasikilizaji wao wakafurahi. Na leo mtu akienda katika kijiji cha Martelange, mpakani mwa Ubelgiji, ataona barabara moja ambayo upande mmoja wake ni Ubelgiji na upande wa pili ni Luxembourg. Upande wa Luxembourg vituo vya petroli vimepangana kama maduka ya soko, kwa kuwa ushuru wa petroli huko ni mdogo. Petroli ni ile ile, na barabara ni moja.

Miaka ya vita ya pili tutaipita upesi, ingawa ilikuwa ya mateso. Wajerumani waliingia tarehe 10 Mei 1940, wakataka kuifuta nchi kabisa. Mwaka 1942 walipoamrisha vijana waingie katika jeshi lao, watu waligoma nchi nzima, na 21 wakauawa. Vita ilipokwisha, nchi sita za Ulaya zilifanya ushirika wa makaa na chuma, zikabishana usiku kucha ofisi ziwekwe mji gani. Kila mmoja alitaka mji wake. Ndipo Joseph Bech, waziri wa Luxembourg, akasema kazi ianze kwake kwa muda, mpaka shauri lingine lipatikane. Hayo yalikuwa mwaka 1952. Hata leo Mahakama ya Umoja wa Ulaya na Benki ya Vitega Uchumi ya Ulaya zingali pale. Nchi ambayo haikuwa ya kuogopwa na mtu ilipata kwa udogo wake kitu ambacho Paris haikupewa.

Mwaka 1974 viwanda vya chuma vilitoa zaidi ya tani milioni 6 za feleji, na watu wapatao 25,000 walifanya kazi humo. Mwaka uliofuata bei ikaanguka katika dunia yote. Miji ya Ufaransa iliyo jirani iliona maelfu ya wafanyakazi wakifukuzwa. Luxembourg ilifanya namna nyingine: mwaka 1977 serikali, wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi waliketi meza moja, wakakubaliana ya kuwa wazee wapumzishwe mapema kwa malipo, waliobaki bila kazi wapewe kazi za manufaa ya watu wote, na wananchi walipe kodi ya kusaidiana. Haikuwa rahisi, walakini hawakutupwa watu njiani. Mgodi wa mwisho ukafungwa mwaka 1981, na tanuru ya mwisho ya kuyeyushia udongo wa chuma mwaka 1997.

Waliweza kufanya hivyo kwa sababu fedha nyingine ilikuwa imekwisha kuanza kuingia. Mwaka 1963 Marekani iliweka kodi juu ya hati za mikopo za wageni zilizouzwa kwa raia wake, na wakopaji wa Ulaya wakatafuta mahali pengine. Mkopo wa kampuni ya barabara za Italia, uliohesabiwa kwa dola, ukaandikishwa katika soko la hisa la Luxembourg mwaka ule ule, nao ukafuatwa na mingi. Kisha zikaja benki za Ujerumani, kwa kuwa kwao zililazimishwa kuweka akiba kubwa katika benki kuu bila riba, na Luxembourg haikudai hivyo. Kila serikali jirani ilipotunga sheria ya kubana, wingu la fedha lilihama likaenda kunyesha Luxembourg. Wenye benki wa siku zile walikuwa na mzaha juu ya mganga wa meno wa Ubelgiji, ambaye siku ya mapumziko hupanda motakaa na mkewe, akavuka mpaka kwenda kupokea riba yake mkononi, kisha wakala chakula kizuri na kurudi nyumbani bila kumwambia mtoza kodi. Katika miaka ya 1990 benki zilipita 200 katika nchi ambayo watu wake hawakufika nusu milioni. Mwaka 1988 ilikuwa ya kwanza Ulaya kuiingiza katika sheria zake ile kanuni mpya ya mifuko ya uwekezaji, ambamo watu wengi huchanga akiba zao zinunuliwe hisa; na mali inayosimamiwa katika mifuko ya Luxembourg sasa imepita yuro trilioni 5.

Tusidhani kuwa wageni waliletwa na kodi peke yake. Serikali haikubadilika-badilika, mahakama ziliaminiwa, na karani wa kawaida aliweza kuandika barua kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, huku nyumbani akisema Kiluxembourg. Waziri alifikika. Mwenye kampuni aliyekuwa na swali alipata jibu kwa siku chache, ambalo katika nchi kubwa angalilingojea mwaka. Hizi ni sifa za kweli, na nchi yoyote ingefanya vema kuzipata.

Lakini penye kufikika upesi pana hatari yake. Mwaka 1991 benki iitwayo BCCI ilifungwa kwa udanganyifu mkubwa. Kampuni yake mama ilikuwa imeandikishwa Luxembourg, mashauri yake yakakatwa London, na matawi yake yalienea katika nchi nyingi za Asia na Afrika, Kenya ikiwamo. Kwa kuwa ilikaa nusu huku na nusu huku, hakuna msimamizi mmoja aliyeiona nzima. Walioumia ni wenye kuweka akiba, wengi wao watu wa nchi maskini ambao hawakupata kuisikia Luxembourg hata mara moja.

Kisha mwezi wa Novemba 2014 waandishi wa habari wa nchi nyingi walitoa kwa pamoja barua ambazo ofisi ya kodi ya Luxembourg iliandikiana na washauri wa kampuni zaidi ya 300. Katika barua hizo kampuni ilieleza namna itakavyohamisha faida yake kutoka nchi ilikochumwa, kwa kujikopesha fedha yenyewe au kujilipa kwa ajili ya kutumia jina lake, na ofisi ikakubali. Baadhi zilibaki kulipa chini ya asilimia 1. Jean-Claude Juncker, aliyekuwa waziri mkuu wa Luxembourg tangu 1995 hadi 2013, alikuwa ndiyo kwanza amekuwa mkuu wa Tume ya Ulaya, basi kelele zilikuwa nyingi. Waliotoa barua hizo, wafanyakazi wawili wa kampuni ya wahasibu, walishtakiwa Luxembourg. Mmoja aliondolewa hatia nchini humo mwaka 2018, na wa pili alipata haki yake mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2023. Tume ya Ulaya ilijaribu kuzilazimisha kampuni zilipe: Fiat, Amazon na Engie. Katika mashauri hayo matatu mahakama ya juu ilisema, mwaka 2022 na 2023, ya kwamba Tume haikuthibitisha madai yake. Kwa sheria, Luxembourg ilishinda.

Sisi twaona ushindi huo haujibu swali lenyewe. Kampuni inapochuma faida mahali, hutumia barabara za mahali pale, na wafanyakazi waliofundishwa katika shule za pale, na askari wa pale hulinda ghala lake. Kodi ndiyo bei ya vitu hivyo. Ikipelekwa kwa mwingine aliyetoa muhuri tu, aliyetoa barabara ameibiwa, hata kama hakuna jaji atakayeliita jambo hilo wizi. Na katika nchi tajiri pengo hilo huzibwa. Katika nchi maskini huwa zahanati isiyo na dawa. Mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 ziliafikiana kwamba kampuni kubwa sana zisilipe chini ya asilimia 15, na Luxembourg yenyewe ikaliingiza jambo hilo katika sheria zake. Siri za benki kwa wageni nazo zilikwisha kulegezwa mwaka 2015. Twalitaja hili kwa sababu hata kwetu wako wanaoitazama njia ya Luxembourg kwa hamu: Kenya ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuweka kituo cha fedha cha kimataifa Nairobi, na Rwanda inacho chake Kigali. Watakaoviendesha wana mambo mema ya kuiga katika nchi hiyo. Ile sheria ya mbolea ni mojawapo, na ile meza ya mwaka 1977. Ya mwaka 1929 ni jambo lingine.

Wenyeji wenyewe hawakosi masumbuko. Nyumba zimekuwa ghali mno, hata vijana wengi waliozaliwa Luxembourg huhamia vijiji vya Ujerumani au Ubelgiji, wakarudi kila asubuhi kufanya kazi katika nchi yao kama wageni. Wafanyakazi zaidi ya 200,000 huvuka mpaka kila siku, walio wengi kutoka Ufaransa. Barabara zimejaa motakaa, na tangu mwaka 2020 serikali imefanya gari moshi na mabasi kuwa bure kwa kila mtu ili kupunguza msongamano. Wauguzi waliosomeshwa kwa fedha ya Wafaransa katika jimbo la Lorraine huiacha hospitali ya kwao kwenda kutibu wagonjwa Luxembourg, kwa kuwa mshahara ni mkubwa zaidi. Kodi ya mishahara yao hulipwa huko wafanyako kazi, bali watoto wao husoma, na taka zao huzolewa, huko walalako. Wilaya za Ubelgiji zilizo mpakani hupewa na Luxembourg fungu la kodi hiyo kila mwaka. Wakuu wa miji ya Ufaransa wameomba wapewe vivyo hivyo. Luxembourg hujibu kwamba iko tayari kusaidia kujenga reli na viwanja vya kuegesha motakaa upande wa Ufaransa, lakini kodi yenyewe haitaigawa.